Mwano wa Epifania

Umetimia mwaka mmoja, Epifania wetu, tangu Septemba ile ya 1987 ulipotutoka kwa homa ya siku tisa. Siku ya kukuzika yalisemwa mambo ambayo hayakuwa kweli, nasi tulikuwepo tukanyamaza. Leo tunakuandikia hadharani, ili kila anayesoma asikie.

Ulikuwa mpika uji wa mwaloni, ng'ambo ya Runzewe, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. Uji wako ulikuwa mzito. Kaka yako Pantaleo husimulia kwamba mtu alizama sufuriani ikaokolewa kofia tu, na kofia yenyewe ilikuwa imeshiba. Kumwamini ni hiari. Lililo kweli ni kwamba hukumnyima mtu kikombe, na wanawake wa vilabuni waliokuzidi umri uliwaamkia shikamoo mbele za watu, hadi wenyewe wakatazama nyuma kuona anaamkiwa nani.

Kanisani ulikaa benchi la mwisho. Kwa kuwa uliolewa na Jilala ukiwa mke wa pili, miaka kumi na minne hukuisogelea Komunyo. Hukulalamika. Ulisema tu kwamba benchi la mwisho ndilo linaloona watu wote.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwaka 1983. Shimo lilikuwa limemfukia mchimbaji ambaye hakuna aliyejua kwao wala dini yake. Katekista Gelasius alikataa kumsomea asiyemjua. Wengine walirudi kazini. Kaburini mkabaki wawili, wewe na Bujiku aliyelichimba. Ukasimama juu ya kifusi ukapiga mwano, ule ukelele wetu wa wizi wa ng'ombe, ambao anayeusikia huacha kijiko mdomoni akakimbia.

Walikimbia kweli, na pinde na marungu. Pantaleo anadai mmoja alifika na mguu wa kiti, mke wake bado amekikalia. Wakauliza ng'ombe wamekwenda upande gani.

"Hakuna ng'ombe," ukawajibu. "Kuna mtu anazikwa peke yake. Kaeni."

Sungusungu walitaka kukutoza faini, maana mwano si mchezo. Lakini wakubwa wao walikuwa wamekwisha kaa chini, wanahema. Ukaanza Baba Yetu, nao wakakufuata.

Jumapili iliyofuata walikuja bila kuitwa. Hamkuwa na padri wala kitabu. Mliimba nyimbo za kulimia za Kisukuma ulizozitilia maneno ya sala, mkakaa juu ya makarai yaliyopinduliwa. Hukumuuliza mtu ana wake wangapi au amebatizwa wapi. Ila Baba Yetu yako ilichelewa kwisha: ukifika "utusamehe" ulinyamaza, ukawatazama mmoja mmoja, na wenye ugomvi walipeana mikono ndipo ukaendelea. Mara moja mlisubiri hadi uji ukaungua.

Sasa tuseme lile lililotuleta hapa.

Ulipozidiwa ulimwambia Pantaleo, "Nikifa pigeni mwano. Anayekuja asiulizwe kitu." Akaitikia. Siku ya tatu baadaye ukakata roho, na Gelasius akaja na swali moja: je, Epifania aliiacha ile sala ya mwaloni? Kama aliiacha, atazikwa na kanisa, kando ya mama yake. Kama hakuiacha, basi.

Kaka yako aliogopa aibu. Amezoea kuwatungia watu; huwaambia aliwahi kumkimbia kiboko kwa baiskeli isiyo na mnyororo, watu wakacheka. Safari hii alitunga kwamba ulilia, ukatubu, ukasema watu wa mwaloni walikupoteza. Alikutilia hadi machozi. Gelasius aliamini, tena kwa furaha, na kaburini akayarudia yote kwa sauti kubwa.

Watu wako walikuwa nje ya uzio wa minyaa, kwa sababu waliambiwa wasiingie. Walisikia kila neno. Bujiku alikuwa amebeba msalaba alioutengeneza kwa matimba, yale magogo ya kuzuia shimo lisibomoke. Aliulaza juu ya uzio, wakaondoka. Tangu siku hiyo mwaloni hapasaliwi.

Epifania, Mama Mageni wetu, hukuwakana. Tunasema mbele ya wote: hukutubu lolote kuhusu watu wale, na jina la mwisho ulilotaja lilikuwa la Bujiku, ukiuliza kama amekunywa uji.

Pantaleo amekwenda kwa Gelasius akamweleza. Gelasius akasema afadhali ungekuwa uongo wa kiboko.

Jumapili hii, tarehe 25 Septemba, saa tatu asubuhi, kaka yako atasimama kwenye mafiga yako pale mwaloni, apige mwano. Sungusungu wamekwisha kumwonya, na mbuzi wa faini Jilala amemfunga tayari. Msalaba tunao, utasimikwa kwa mikono ya aliyeutengeneza, au utabaki umelala. Hatujui kama yupo atakayekimbilia sauti ya mwongo. Baba Yetu ataianza hata akiwa peke yake, na atakapofika pale ulipokuwa ukinyamaza, atanyamaza, asubiri.

Unakumbukwa na mumeo Jilala, binti yako Mageni, dada yako Febronia, na kaka yako Pantaleo, ambaye ndiye aliyeandika haya.

Sisi hatutakusahau kamwe. Tunaomba na watu wako wa mwaloni wasikusahau.