Mdogo Wangu Anataka Kusema Mbele ya Watu

Mshauri wangu mpendwa, assalaam alaykum, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani kwetu sina tena wa kumuuliza, kila mmoja keshashika upande wake.

Mimi ni mwanamke wa hapa Maskati, wazee wangu wametoka Unguja, na miaka yote ya tisini nilikuwa nesi wa chumba cha dharura, huko ndiko nilikoyaona, daktari mzima anajifungia chumba cha mashuka analia, kisha ananawa uso na kwenda kwa mgonjwa mwengine kama hapana lililokuwa, na nesi mwenzangu Benedikta, mtu wa Bukoba, alifika kusahau njia ya kurudi kwake, wala hapana aliyetuuliza kama tunalala. Jambo hilo likanikaa moyoni, nikenda kuyasomea nje, niliporudi nikaacha kazi, watu wakanicheka, nikakodi vyumba viwili mtaa wa Darsait, juu ya duka la fundi wa viyoyozi vya magari, mimi na Benedikta, tukakiita kituo chetu Thabat, yaani kusimama imara.

Hatutoi dawa wala hatuagui, tunawafundisha watu wenye kazi nzito namna ya kutuliza pumzi king'ora kinapolia, namna ya kukaa na wenzao wakayasema yaliyowapata kabla hawajarudi kwa watoto wao, na namna ya kumtambua mwenzao anayeanza kuelemewa. Mwanzo walikuja manesi watatu wanne kwa kificho, leo wanakuja wazimamoto, waendesha winchi wa bandarini, hata wakubwa wa mabenki ya mtaa wa Ruwi, na mwezi ujao, inshallah, tunafungua kituo cha pili huko huko Ruwi, nami nasema bila ya haya kuwa nnaona fakhari.

Sasa lililonikwaza ni hili. Mdogo wangu Harub ni mzimamoto. Mwaka juzi mvua ilipiga milimani, wadi, lile bonde kavu ambalo mvua hulifanya mto, likashuka na gari lenye mtu ndani, Harub akaingia majini na kamba kiunoni, akamshika dereva mkono, akamshika barabara, kisha maji yakamzidi nguvu, mkono ukamtoka, dereva akenda na maji. Tangu siku hiyo akawa hampi mtu mkono, kazini wakasema anaringa, nyumbani akawa hali, mama akimgombeza kwa kumwaga chakula. Mimi ndiye niliyemleta Darsait, nikamkabidhi kwa Benedikta kwa kuwa mimi ni dadake, na kwa miezi mingi alikuja, siku nyengine hasemi neno, mpaka akasema. Leo amerudi kazini, na wadi likishuka wakubwa wake humtanguliza yeye.

Harub anataka siku ya ufunguzi asimame aeleze habari yake mwenyewe. Mama aliposikia alitaka kuzimia, maana Harub amemposa binti mmoja, Ghadeer. "Unataka watu waseme mwanangu ana wazimu? Na posa ya Ghadeer ndiyo kwanza imejibiwa! Baba yake atamwoza mtu wa namna hiyo?" Harub akamwambia, "Mama, mimi si mgonjwa. Nilielemewa, nikashikwa mkono, nikasimama." Mama akaapa hatotia mguu ufunguzini. Benedikta naye ananiambia, "Dada Shariffa, mwache mdogo wako aongee, wako wengi wanamsubiri mtu mmoja aanze." Nikimruhusu naogopa nitamvunjia posa na mama asiwe radhi nami, nikimkataza naona nakikana kituo nilichokijenga kwa mikono yangu. Nifanye nini?

Shariffa, Maskati

BI KHEIRIA ANAJIBU

Shariffa, kwanza pokea hongera, na usizipokee kwa kuinamisha kichwa. Uliona watu wanaoponya wenzao nao wanaumia, ukaacha mshahara wa uhakika ukaenda kuwajengea pahala pa kupumzikia. Wangapi waliyaona hayo hayo wakafunga mlango?

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Nimeisoma barua yako mara mbili kutafuta pahala ulipoandika kuwa mama yenu alielezwa yaliyotokea wadini. Sikupaona. Aliona sahani inarudi na chakula chake, basi. Mnawafundisha watu wa bandarini kusema, na nyumbani kwenu wenyewe mmenyamaza! Unamlaumu vipi kwa kuogopa jambo ambalo hapana aliyemueleza? Na Ghadeer je? Nyinyi watatu mnagombana juu yake kama kabati linalosubiri kuhamishwa. Hapana aliyemuuliza yeye anaonaje.

Na lako wewe peke yako, jibu ukiwa umekaa na nafsi yako: lau maneno ya Harub yasingekuletea mteja hata mmoja, bado ungetaka ayaseme? Kama jibu ni ndiyo, endelea. Kama unasitasita, basi mdogo wako usimfanye tangazo la biashara.

Fanya hivi. Harub akae na mama, mchana, wawili peke yao, amueleze yote tangu kamba mpaka mkono. Wewe usiwepo, maana utamsaidia kusema na hahitaji msaada wako. Kisha aende kwa Ghadeer, mbele ya baba yake kwa adabu, aseme hayo hayo. Wakikataa, afadhali wakatae leo kuliko baada ya harusi. Baada ya hapo, akiwa bado anataka kusimama, asimame. Ruhusa si yako kutoa. Usimkate neno, usimpunguzie wala usimwongezee, na ufunguzi usiuahirishe hata kwa siku moja.

SHARIFFA AMETUANDIKIA TENA

Bi Kheiria, ulinigombeza nikalia, kisha nikafanya kama ulivyosema.

Harub alimkuta mama jikoni anachambua mchele. Mimi nilikaa garini nje, kiyoyozi kinawaka na jasho linanitoka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza mama kasema nini. "Kaniuliza, 'Ulikuwa na hili peke yako, nami nikikugombeza kwa kutokula?' Kisha kanishika mkono, dada, hataki kuuwacha."

Baba yake Ghadeer alisikiliza, akaomba muda. Siku zile zilikuwa nzito, Harub anakwenda kazini na kurudi. Kisha Ghadeer akanipigia simu mwenyewe. "Dada Shariffa, baba ananiuliza kama nitaweza kuishi na mtu wa kazi ile. Nimemwambia, mtu aliyeingia wadini kwa ajili ya asiyemjua, kisha akaja kutwambia kweli kabla ya ndoa, nitampata wapi mwengine? Amecheka. Amesema tukaribishwe na sisi ufunguzini."

Siku ilifika, ukumbi wa Ruwi ukajaa, wazimamoto na sare zao, manesi, watu wa bandarini. Harub alisimama akasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, polepole, tangu kamba mpaka pale mkono ulipomtoka. Alipomaliza, mkubwa wake wa kazi aliinuka kwanza, kisha wote wakainuka.

Mama alikaa safu ya mbele ya wanawake, kajipamba kama siku ya Idi. Jamaa yetu mmoja, Bi Sabah, akamwinamia sikioni, nami niko nyuma yao nasikia: "Haya nayo ni mambo ya kusemwa mbele ya watu?"

Mama hakushusha sauti. Alijibu safu nzima ikageuka.

"Huyo aliyesema ni mwanangu, Sabah. Na huyu aliyekijenga kituo hiki ni mwanangu. Kama na kwako yuko asiyepata usingizi, mlete."