Pedi Alizozikataa

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma.

Bosi wetu kavunjika moyo leo. Yule yule anayewakaripia wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani mpaka malori yetu ya misaada yanapita!

Tulikuwa hemani tunawagawia pedi na sabuni wasichana waliokimbia vita. Unajua utani wake, hema zima lilikuwa linacheka. Akaja binti mmoja, mtoto kabisa, akairudisha pakiti.

Bosi akamwambia, "Chukua mwanangu, usione haya. Hapa sote wanawake."

Binti akasema polepole, "Sizihitaji, shangazi. Tangu wale watu waingie kwetu, sijazihitaji tena."

Sijazihitaji tena! Kicheko kikamfia bosi mdomoni.

Akawatoa wote, nikabaki mimi kwa kuwa ni nesi. Akapiga magoti mbele ya binti. "Si kosa lako. Umenisikia? Si kosa lako." Binti akakubali kumwona daktari kesho, ila akaomba, "Mama asijue leo. Jana tu tumemzika baba."

Kutoka nje, mama mtu anasubiri mlangoni. "Amepata pedi zake? Huyu ana haya ya kuomba."

Bosi akajibu, "Amepata, mama."

Yule mama akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Shoga, sasa hivi bosi yuko nyuma ya tangi la maji, amejiziba mdomo kwa fulana ya kazi. Wewe ndiye mshauri nasaha wetu, katisha likizo uje. Anasema uongo ule hawezi kuurudia.