Pampu Tuliyomchagulia Adhiambo

Manyatta, Kisumu

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha baridi ya mlimani kimekuacha, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa joto la huku sijalizoea.

Kaka ameniandikia kwamba umesikia habari za ajali kazini kwetu na unataka nirudi Taita mara moja. Baba, aliyeumia si mimi, na sitarudi kwa sasa. Nisikilize kwanza.

Kazi yetu ni kujaza mbolea ya maji kwenye mitungi, ipelekwe kwa wakulima wa miwa upande wa Awasi. Mimi ndiye fundi wa mashine. Mwenzangu Adhiambo ndiye hushika mpira wa kujazia. Mume wake ni mvuvi, lakini tangu magugu ya ziwani yafunge ufuo mtumbwi umelala tu, na nyumba yote inamtegemea yeye. Pampu yetu ilikuwa ya chuma, ya kuvuta maji ya kisima. Mbolea ile ni kali, ikaila kwa ndani polepole. Siku moja Adhiambo alipofunga mdomo wa mpira, nguvu ikakosa pa kwenda. Mpira ukachomoka kwenye chuma kilicholika, mbolea ikamrukia usoni. Nilimwinamisha chini ya bomba la maji, naye akilia, "Wakesho, sioni!" Hospitalini wakamfunga jicho. Kwa muda mrefu hatukujua kama angeona tena. Anaona, Baba, ila jicho hilo likipigwa na jua linatoa machozi.

Siku Adhiambo aliporudi kazini, tajiri wetu, Mzee Ogutu, alikuwa ameletewa pampu mbili azijaribu. Ya kwanza ilikuwa ya chuma tena, mpya. Ilimwaga maji kama mto, Mzee akafurahi.

"Hii ndiyo itatumalizia kazi kabla ya mvua," akasema.

Nikamwomba tuijaribu kwa mbolea yenyewe, na tufunge mdomo ghafla kama tufanyavyo kila siku. Akaushika mpira mwenyewe. Alipofunga, mpira ulivimba na kumtikisa mikono hadi akaruka nyuma. Hakuna aliyecheka. Adhiambo alikuwa ameshatoka nje.

Ya pili ilikuwa ya plastiki ngumu, mbolea haiwezi kuila. Inaendeshwa kwa upepo wa kompresa, na ndani ina ngozi ya mpira inayosukuma huku na huku. Ukifunga mdomo, inasimama yenyewe, ukifungua, inaendelea. Nilirefusha mpira wake ufike chini kabisa ndani ya mtungi, povu lisipande. Tatizo lake ni moja tu: ni ya polepole.

"Na mvua je?" Mzee akauliza. "Wakulima wataningoja?"

Adhiambo akajibu kutoka mlangoni, "Mzee, mvua itarudi mwaka ujao. Jicho halirudi."

Mzee akaitazama ile ya chuma kwa huzuni, kama mtu anayeuza ng'ombe mzuri. Kisha akaniuliza, "Fundi, tukianza asubuhi mapema zaidi?"

"Tutafika," nikamwambia, ingawa kusema kweli sikuwa na hakika.

Nilidhani Adhiambo ataomba kazi nyingine. Lakini alivaa miwani ya kukinga macho aliyonunuliwa, akaja akashika mpira. Akafungua, akafunga. Pampu ikanyamaza. Akafungua tena, akafunga tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nasi tukamwachia. Mtungi ulipojaa akakaza kifuniko, akaniambia, "Nyaminwa, leta ingine." Neno hilo kwao ni dada yangu.

Wakulima wengine walinung'unika, na mmoja alienda kununua kwingine. Waliobaki wamepata mbolea yao.

Nisalimie Mama, shangazi wa sokoni, na kaka na mkewe. Wanibusie mtoto wao ambaye sijamwona. Dereva anayekuletea barua hii amebeba pia samaki wakavu. Si mimi niliyewanunua. Ni Adhiambo amewakausha, akasema, "Mwambie babako alinde kwa sala macho ya watoto wake wote, na mimi nikiwemo."

Basi mwombee na yeye.

Bintiyo,
Wakesho