Mkono Aliouinua Baba

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote nakujulia hali, wewe, shemeji na watoto wetu. Yule wa mwisho aliondoka hapa baada ya mazishi akikohoa, na naomba uniambie kama kifua kimepona, maana mimi ndiye niliyemlaza katika kile chumba cha uani chenye baridi. Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa mazoea tu. Nyumbani nimebaki peke yangu, na kwenye kibanda cha viatu niko na rafiki yake Baba, fundi wa saa, yule tuliyemwita Mzee Thibitisha kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atatoka kwanza alowe.

Kazi inakwenda. Kushona soli nimeshazoea, ila visigino bado vinanishinda. Wiki iliyopita mteja mmoja aliniambia nimemrudishia mapacha wasiofanana, akacheka, akavaa, akaenda zake akichechemea kidogo.

Barua yako nimeipata. Unanitaka nije kwenye mkutano wenu mkubwa, nipande jukwaani nisimame karibu nawe, mimi niliyemuuguza, niwaambie watu kwamba Baba yetu aliyebishana na wahubiri maisha yake yote alimpokea Bwana akiwa kitandani. Unasema wengi wameokoka kwa kuisikia habari hiyo. Ukaongeza kwamba kunyamaza kwangu ni kumwonea Kristo haya mbele za watu.

Neno hilo limeniuma, Dada, na sitaki kukuficha. Wewe unahubiria watu waliokuja kusikia mahubiri. Mimi, tangu nianze kumsaidia Baba kazi, nilikaa katikati ya wazee wawili wasioamini, nao wakinichachafya kwa maswali tangu asubuhi: kwa nini mtoto mchanga afe, kwa nini wezi wananenepa, nani alisimama pale akamwona mfu akitoka kaburini. Nililolijua nilijibu, nisilolijua nilisema sijui. Walinicheka mpaka gundi ikawakaukia mikononi, na kesho yake nikarudi. Baba aliwahi kusema mbele ya wateja kwamba mimi ananisikiliza kwa sababu sijibu kabla sijaulizwa. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sasa turudi kwenye siku ile. Mlikuja wewe, mchungaji wako na kinamama wa kwaya, chumba kikajaa hadi mlangoni. Kiharusi kilikuwa kimeshachukua sauti ya Baba na upande wake wote wa kulia. Mchungaji alihubiri kwa sauti kana kwamba mgonjwa ni kiziwi, kisha akamwambia kama anampokea Yesu moyoni, ainue mkono. Baba akauinua wa kushoto. Vigelegele vikapasua bati. Wewe ulipiga magoti ukilia, na mimi nilipojipenyeza nimfikie ulinishika bega, ukaniambia nisimwingilie Roho Mtakatifu kazini, niende nikabandike chai ya wageni.

Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hawakukosea. Baba alikuwa akiinua mkono ule mchana na usiku, Dada. Alikuwa akiniomba nimgeuze. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeshaingia kwenye nyama, na tangu alipokosa sauti hakuwa na njia nyingine ya kuniita. Mlipoanza wimbo aliuinua tena, nikauona kutoka jikoni, ninyi mkampigia makofi. Nilirudi mlangoni na sinia mkononi, mama mmoja wa kwaya akalipokea na kunirudisha nikalete sukari. Mlipokwisha kunywa na kuondoka ndipo nilipomgeuza. Shuka lilikuwa limegandia mgongoni. Alikuwa analia, na nimesikia kwamba machozi yale nayo mnayasimulia, mnayaita ya toba.

Siku ya mazishi nilianza kukueleza. Ukanikatiza kabla sijafika popote, ukasema wivu hauna maana msibani, tena unajua kinachoniuma ni kwamba Baba aliokokea mikononi mwako na si mwangu. Nikaendelea kuosha sufuria.

Najua utasema moyo wa mtu ni kichaka, huenda aliinua mkono kwa yote mawili. Hilo nimeliwaza sana kuliko unavyodhani. Ningetoa kila kitu liwe kweli.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Kabla hamjaja, kila alasiri nilikuwa nikimsomea Baba Injili. Aliitaka mwenyewe, wakati ule sauti ikitoka kwa kukwamakwama, akisema anataka kukijua vizuri kitu hiki alichokibishia bure miaka yote. Sauti ilipokatika kabisa aligonga godoro kwa kidole ili niendelee. Wakati mwingine aligonga kwa hasira, wakati mwingine polepole, lakini aligonga. Tulikuwa tumefika bustanini, pale wanafunzi wanaposinzia na Bwana amewaomba wakeshe naye. Ninyi mlipokwisha kuondoka, kesho yake nilifungua palepale. Baba aliufikisha mkono wake kwenye Biblia akaifunga. Siku iliyofuata nilijaribu tena, akaugeuzia ukuta uso. Hakugonga godoro tena mpaka alipokata roho. Nadhani alifikiri nami nilikuwa mmoja wenu, na kwamba kumsomea kote kule kulikuwa kumtayarisha kwa siku ile. Nilimweleza kwamba sivyo. Sijui kama alinisadiki.

Lingine utalisikia hivi karibuni, na ni afadhali ulisikie kwangu. Unajua Mzee Thibitisha alianza kuja kanisani, na mchungaji wako ametangaza kwamba atambatiza mkutanoni. Alikuja kwa ajili ya mkono ule. Alisema kama mbishi yule alisalimu amri, basi lazima kuna jambo, na yeye hataki kuachwa nyuma na rafiki yake. Wiki hii, akiwa ameinama juu ya saa ya mtu, aliniuliza ilikuwaje siku ile, kwa kuwa mimi nilikuwepo. Nikamwambia yote ya siku ile, kama nilivyokuandikia. Alivua miwani, akaifuta, akasema kumbe alikuwa anafuata vigelegele. Akaniuliza kama mimi bado naamini. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Majibu yangu yote ya kibandani nilikuwa nayo, hakuna lililonitoka. Tangu hapo tunafanya kazi, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Kwa hiyo mkutanoni sitakuja, na yeye hatakuja. Ukimwona hayupo kwenye mstari wa ubatizo, usimkemee shetani. Ni mimi.

Mfikishie shemeji salamu, uwabusu watoto, umwambie yule wa kifua avae sweta. Mungu akutunze, hilo nalisema kwa moyo wote, hata leo. Niandikie, hata kama ni kwa hasira.

Ni mimi mdogo wako,
fundi viatu