Inatoka Nyuma ya Mlima

Runyenjes, 3 Agosti 1997

Kwa binti yangu Nelius,

Salamu nyingi za nyumbani. Mimi mzima, ng'ombe wazima, goti tu ndilo linanisumbua. Huko Kiirua mko aje?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ati wewe na mama mkwe wako mnatoka kila jioni kutazama Mir, kile chombo cha angani cha Warusi? Haya basi. Nani alikufundisha ukiwa darasa la sita, tukitoka kupima kahawa kiwandani? Nani alikuambia ndege hupepesa taa, lakini Mir haipepesi, inatembea tu mpaka inazimika? Nilidhani hicho ni chetu sisi wawili. Kumbe umeshampa mwingine! Wivu ninao, sifichi.

Mama yako

Kiirua, 17 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Pole na goti. Sisi hatujambo, ila baridi.

Usikasirike. Mama mkwe, Mama Muthamia, anaipenda kweli. Jana aliwasimulia majirani: "Inatoka nyuma ya mlima, inapita juu ya mgomba, halafu inazimika polepole." Wote walimwomba arudie.

Mwanao, Nelius

Runyenjes, 24 Agosti 1997

Nelius,

Goti ni lile lile. Lakini nimecheka! Mama mkwe wako ni mwongo. Kutoka nyuma ya mlima ni hapa kwetu. Siku ya arusi yako niliona kwa macho yangu: huko kwenu mlima huo huo uko kusini, na Mir lazima itokee magharibi, upande wa Timau. Huyo hajaiona hata siku moja! Msomee barua hii, ajue nimemshika.

Mama yako

Kiirua, 9 Novemba 1997

Mama,

Tuko salama. Nimekawia kwa sababu nilikuwa na hasira.

Barua yako sikumsomea. Ni kweli, hajawahi kuiona. Mwaka jana mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili. Alinikataza nisiwaambie, aliona aibu mbele ya wakwe. Jioni namshika mkono, tunasimama uani, ananiuliza, "Imefika wapi sasa?" Nami namsimulia kwa maneno yako yale yale, mpaka nasahau mlima wetu uko wapi. Anayoijua yeye ni Mir ya Runyenjes, mama. Ni yako.

Mwanao, Nelius

Runyenjes, 16 Novemba 1997

Nelius mwanangu,

Habari za goti achana nazo. Barua yako ilinikuta jikoni, nikaisoma mpaka chakula kikaungua. Nisamehe. Huyo mama nimemkosea.

Mwambie ule mgomba wa hapa kwetu uliangushwa na upepo. Siku hizi inapita juu ya tangi la maji la jirani yetu Njuki. Asije akawadanganya majirani.

Wivu bado ninao. Mimi hutoka peke yangu, hakuna wa kuniuliza imefika wapi. Kwa hivyo Krismasi umlete. Lakini hapa kwangu mkono wake nitaushika mimi, na wewe utanyamaza.

Mama yako