Kwa Fundi Baiskeli Aliyerudi Kwenye Fidla Uzeeni

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu ulipotuacha asubuhi ile ukiwa umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, na nyumba hii bado haijazoea. Wanasema wakati huponya. Labda. Sisi wakati umetupa kimya tu, na wewe unajua kwamba katika miaka yako ya mwisho kimya ndicho tulichokuwa tukikiomba kuliko vitu vyote.

Watu wengi walikujua kwa baiskeli. Mtu alikuletea baiskeli iliyokunjika kama karatasi, akaondoka ameipanda. Hukumcheka mtu kwa kuharibu kitu chake. Nakumbuka yule mama muuza maziwa aliyekuja na mpira aliouziba mwenyewe kwa sindano na uzi, amejawa na aibu. Uliugeuza ukautazama, ukamwambia, "Mshono mzuri huu, mama. Tuuongezee kiraka tu, upate mwenzake." Hakwenda kwa fundi mwingine tena.

Ulikuwa na tabia ya kunyoosha gurudumu kwa masikio. Ulilizungusha taratibu, ukagusa spoki moja moja kwa ukucha, ukasikiliza ipi imelegea. Wateja walidhani ni mbwembwe za ufundi. Mimi nilijua kwamba ulijifunza fidla shuleni ukiwa kijana, na kwamba baba yako alipougua uliirudisha fidla ya shule, ukaingia karakana. Ulinisimulia mara moja tu, tulipokuwa wachumba, ukacheka, ukabadilisha mazungumzo. Lakini zile spoki hukuacha kuzisikiliza.

Ndiyo maana binti yetu muuguzi alipokuuliza unataka zawadi gani kwa kutimiza miaka sitini, hukufikiri.

"Fidla."

"Baba, sema kweli."

"Ndiyo kweli yenyewe. Hata iliyotumika nitashukuru."

Akakutafutia, akakuletea kwenye sanduku lake jeusi. Wiki haijaisha akawa ananinong'oneza jikoni, "Mama, hivi kwa nini sikununua saa?"

Siku ya kwanza ulituketisha wote sebuleni. Ulivaa shati la kutokea. "Vidole havisahau," ulisema, ukaweka fidla begani. Vidole vilikuwa vimesahau kila kitu. Sauti iliyotoka sijui niilinganishe na nini, maana hata paka wa nyumba hii alikuwa na adabu kuliko ile. Kabla hujashusha upinde mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu mshonaji, wa upande wa pili wa ukuta, kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Hodi! Jamani, kuna mgonjwa humu?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ni mzee anajifunza."

"Anajifunza nini?"

Hukukasirika. Ulimwonyesha fidla, ukasema, "Swali zuri hilo, jirani. Nipe muda, jibu litakuja."

Mdogo wako Spana, mliyefanya naye kazi karakana moja tangu ujana, alijaribu kukutoa kwenye jambo hilo kwa methali. "Kaka, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi."

"Mimi si samaki," ulimjibu, "na hakuna anayenikunja. Mimi nanyooshwa."

Ukaendelea kila jioni. Jirani naye akaanza kushona kila jioni, saa zile zile zako, cherehani inanguruma kwa nguvu zake zote. Ulifurahi sana. "Unasikia, Mama Watoto? Jirani ananipigia ngoma." Siku moja nilimpelekea chumvi, nikakuta mashine inakimbia na haina hata kitambaa. Alinitazama, nikamtazama. Nilimwekea chumvi mezani, nikaondoka. Angeweza kuja kugomba kila siku, na hakuja. Kila mtu ana namna yake ya kuwa mwema.

Lakini wema mkubwa kuliko wote, na uliotugharimu zaidi, ulitoka kwa Spana. Ulikuwa umeanza kwenda na fidla karakana ili ufanye mazoezi wakati wa chakula cha mchana. Spana alikusikiliza kwa subira. Yeye ni fundi, na fundi baiskeli anajua jambo moja bila kufundishwa: kitu kikilia, kinataka mafuta. Basi ulipokwenda kunawa mikono, alichukua yale mafuta mepesi, mazuri kabisa, mliyokuwa mkiyaweka kwa ajili ya cheni za wateja wa heshima, akapaka nyuzi zote, kisha akapaka upinde, nywele zake zote za farasi, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mahali. Uliporudi alikukabidhi.

"Kaka, nimekutengenezea. Sasa haitalia tena."

Na kweli haikulia. Jioni ile ulisimama sebuleni, ukavuta upinde, na hatukusikia kitu. Ulivuta tena. Upinde ulikuwa unateleza juu ya nyuzi kama sabuni bafuni. Tulikaa tunakutazama ukipiga wimbo mzima usio na sauti, na wajukuu, Mungu awasamehe, walianza kutabasamu. Cherehani ya jirani ikanyamaza. Kisha tukasikia sauti yake ukutani, yenye furaha ya kweli:

"Baba, leo umepiga vizuri sana!"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Lakini mimi nilikuona baada ya hapo, ulivyokuwa ukiushika upinde ule kama mtu aliyeshika ndege aliyevunjika bawa. Ukaniambia, "Mke wangu, mimi kitu hiki niliwahi kukiacha katikati. Sitaki kukiacha mara ya pili. Nataka wimbo mmoja tu niufikishe mwisho, basi." Hapo nikaelewa kwamba halikuwa jambo la mzee kutafuta cha kufanya.

Binti yetu akakutafutia mwalimu, msichana wa rika la mjukuu wetu mkubwa, aliyefundisha watoto kila Jumamosi katika shule ya karibu. Nilikusindikiza. Mwalimu aliuchukua upinde, akaunusa.

"Babu, hiki ni nini?"

"Mafuta, Mwalimu."

"Mafuta ya nini?"

"Ya cheni."

Msichana wa watu alijizuia mpaka machozi yakamtoka. Ulimwacha acheke, halafu ukasema kwa upole, "Fundi wangu ni hodari sana, Mwalimu. Amezoea vitu vinavyozunguka." Hukutaka Spana achekwe hata mahali ambapo hayupo.

Mwalimu akakueleza kwamba upinde hautaki kuteleza, unataka kukwama kidogo kidogo kwenye uzi, ndipo sauti itoke. Akaweka nywele mpya, akafuta nyuzi kwa spiriti, akakupa kidonge cha utomvu mgumu wa mti cha kuusugulia upinde. Kesho yake ulimweleza Spana kwa lugha yenu: "Fidla si cheni, ndugu yangu. Fidla ni breki. Wewe breki unaipaka mafuta?" Spana alishika kichwa. "Yaa, Kaka! Nimekuua!" Tangu siku hiyo akajifanya mlinzi. Mteja akilisogelea lile sanduku na mikono ya grisi, alifokewa kama mwizi.

Mwalimu hakuwa na darasa la watu wazima, hivyo ulisoma na watoto. Ulikalia kile kiti kifupi, magoti yamekaribia masikio. Mwalimu alipoingia ulisimama, kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa zamani, na kabla mwezi haujaisha darasa zima lilikuwa linasimama. Mwenzako wa kiti cha pembeni alikuwa msichana mdogo asiye na meno ya mbele, na alikukosoa bila huruma. "Babu, bega!" Ukashusha bega. "Babu, unakwenda mbio!" Ukapunguza. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nakwambia unakwenda mbio na hukuwahi kupunguza.

Siku moja Mwalimu aliniuliza, "Bibi, nyumbani anafanya mazoezi kweli?"

"Waulize majirani, mwanangu," nilimjibu.

Tatizo lilikuwa kidole chako kidogo cha kushoto, kile kilichowahi kubanwa na cheni, kikapona kikiwa kimekakamaa. Katikati ya wimbo wenu wa darasa kulikuwa na mahali ambapo kidole hicho lazima kinyooke, kifike mbali. Kilifika nusu. Ulisimama, ukasema "Turudi!", ukaanza upya. Ulisimama pale pale, ukarudi. Ikawa hivyo siku zote. Wajukuu wakiuimba wimbo huo wakati wa kuosha vyombo, walikomea pale pale na kusema "Turudi!" kana kwamba ni sehemu ya wimbo. Jirani naye akakuuliza ukutani, "Baba, hivi huo wimbo hauna mwisho?"

"Unao. Mimi niko njiani."

Wakati huo ndipo binti yetu alipokupima, akakupima tena, akakupeleka kwa daktari. Moyo ulikuwa umechoka. Alikwambia uache kunyanyua vitu vizito, umwachie Spana karakana. Ulimsikiliza kama unavyomsikiliza Mwalimu.

"Na fidla?"

"Fidla si nzito, Baba."

"Basi hatujaharibikiwa."

Ila kuanzia hapo hukusema tena "iko siku nitaufikisha." Ulisema "siku ya onyesho," maana Mwalimu alikuwa amepanga kila mwanafunzi apige wimbo wake mbele ya wazazi. Wewe ulikuwa mwanafunzi pekee aliyeletwa na mkewe.

Tulijaza safu nzima ya viti. Spana alikuja amevaa koti, kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu. Jirani alikuja na pamba ya masikio mkobani, lakini nilimwona hakuitoa. Watoto walipiga mmoja mmoja. Ukaitwa. Ulitembea mbele polepole, na nilijua ule upole haukuwa wa maringo, ulikuwa wa moyo ule.

Ulianza. Kila mmoja wetu aliujua wimbo huo kama njia ya kwenda dukani. Ulipokaribia mahali penyewe, safu yetu yote ilivuta pumzi kwa pamoja. Nilimsikia Spana akisema chini chini, "Nyooka, nyooka..." Kidole kikanyooka. Kikafika kwa shida, kikatoa mlio kama bawaba kavu, lakini kikafika, na wewe hukusimama. Ulipita.

Hapo sasa tukawa wageni. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia kilichofuata. Ulipiga na kupiga, tunakufuata kama watu waliopitiliza kituo chao, kisha ukanyanyua upinde, ukabaki umesimama. Na sisi tukabaki tumekaa. Hatukujua kama umemaliza au umekwama mahali papya. Ukumbi wote kimya, unatutazama sisi jamaa zako, na sisi tunakutazama wewe, mpaka jirani akasema kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini aliisikia:

"Kumbe ndio mwisho!"

Makofi yalikuja kama mvua juu ya mabati. Yule mwenzako asiye na meno alikurukia miguuni. "Babu, hukusimama! Hukusimama, Babu!" Na Spana alilia waziwazi, akajifuta kwa mkono wa koti.

Usiku ule ulikula na tai shingoni. Nikakuuliza, "Haya, sasa umeridhika?"

"Nimeridhika kabisa, Mama Watoto."

"Nashukuru Mungu."

"Jumatatu tunaanza wa pili."

Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu, wa nyuzi nene, na tuseme ukweli ulikuwa mzuri. Jirani alipunguza kushona. Mimi nilianza kuacha mlango wa jikoni wazi. Ulikuwa umefika kama katikati, na hukuwa unasema "Turudi!" mara nyingi, ndipo ikaja asubuhi ile. Nilikuletea chai, nikaona umelala kitini, fidla iko mezani, haijafungwa sandukuni. Sikuigusa. Chai niliinywa mimi, nimekaa karibu nawe, kabla sijamwita mtu.

Baada ya mazishi jirani alikuja, akasimama mlangoni, akakunja na kukunjua kanda yake. "Mama," alisema, "kumekuwa kimya mno. Sishoni vizuri."

Juzi Mwalimu alitutembelea. Alikuta tunaandaa maneno haya. Akasema, "Bibi, ule wimbo wa pili wa Babu, mngependa niwapigie mpaka mwisho?" Wajukuu walinitazama. Nikamwambia apige, kwa fidla yako. Tukamwita jirani, tukamwita Spana. Alipofika pale ulipokuwa umeishia nilishika kiti. Akapita, akaendelea mpaka mwisho.

Nimeusikiliza vizuri, Baba Watoto, ili nikupe habari kamili. Usisikitike. Hukukosa kitu kikubwa. Sehemu nzuri yote ulikwisha kutupigia wewe.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na binti yetu muuguzi, ambaye siku hizi hataji tena saa. Na mwanetu dereva, aliyesikia nusu ya mambo haya kwa simu akadhani tunamtania. Na wajukuu zako wote, wanaoosha vyombo kimya. Na mdogo wako Spana, pamoja na wateja wa karakana. Na Mwalimu na darasa lake, ambalo bado linasimama anapoingia. Na jirani wa ukutani.

Kukusikiliza tulichoka mara nyingi, tusidanganyane. Kukukumbuka hatutachoka kamwe.