Firigisi Moja, Wenyeviti Wawili

Mama Nekesa wangu,

Hamjambo hapo Kitale? Nimefika salama kwa Shangazi Nabwire, huku mpakani mwa Busia na Tororo, na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Kata yao imegawanywa juzijuzi, kwa hiyo sasa wana wenyeviti wawili. Jana Shangazi alinichinjia jogoo, akawaalika wote wawili. Hapo ndipo alipokosea. Huku firigisi hupewa mkubwa aliyepo mezani, na jogoo alikuwa na firigisi moja tu.

Wazee wa watu waliikodolea macho mpaka ugali wa wimbi ukapoa. Nikasema basi tuikate katikati. Wakanigeukia kwa ukali, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana: nusu firigisi ni dharau!

Shangazi akasimama. “Wilaya munagawa, kata munagawa, hata kijiji munagawa. Firigisi ndio inawashinda?” Akaichukua, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole huku akiwatazama.

Nisalimie watoto. Narudi Jumamosi. Ukichinja kuku, firigisi niwekee nzima, maana nyumba yetu bado haijagawanywa.

Baba Nekesa